Vichupa Sita Vilivyosema

Nikimwambia mtu kwamba ninafanya kazi mahali wanapotafuta viumbe wa nje ya dunia, hunitazama juu mpaka chini kama anayekagua kama nina mkia. Halafu huuliza, "Na wewe hapo unafanya nini hasa?" Hapo inabidi niwe mkweli. Naosha vyombo.

Ni vyombo vya kioo lakini, kwa hiyo heshima kidogo ipo. Kuna vichupa vya ukubwa wa kidole gumba, bakuli za kila saizi, na mirija myembamba ya kunyonyea dawa. Navisugua, navisuuza mara saba, naviziba kwa pamba, naviingiza kwenye tanuri la umeme viungue humo saa tatu nzima mpaka kila kilicho hai kife. Mama akisikia habari za kusuuza mara saba hucheka mpaka anashika ukuta. "Sufuria zangu unasuuza nusu," anasema, "na hiyo nusu yenyewe kwa kugombezwa."

Kazi nilipewa na Daktari. Jengo zima linamwita Mama Vumbi, ila mbele yake ni Daktari, maana hakuna aliyechoka na kazi yake. Nilikuwa nimemaliza sekondari na cheti ambacho hakikumfurahisha mtu wala kumliza mtu. Siku ya usaili aliniuliza, "Kiumbe hai ni nini?" Nikajibu kama tulivyokariri: ni kitu kinachokula, kinachotoa taka, kinachokua na kinachozaa. Akauliza kama nina mfano. Nikasema, "Mjomba wangu, Daktari, ila hiyo ya kukua tulishakata tamaa." Wale waliokaa naye mezani waliinamia karatasi zao kama wamepoteza kitu. Yeye alivua miwani, akafuta machozi, akacheka peke yake. Jumatatu iliyofuata nilianza kazi, na mwezi haujaisha akawa ananiita Kasuku. Nimebahatika mara mbili maishani. Ya kwanza ni mama niliyepewa. Ya pili ni hiyo.

Sasa hilo vumbi. Miaka kumi na moja iliyopita Daktari alikwenda kwenye bonde moja kavu sana, ambako hakuna anayeishi wala anayekumbuka mvua, akachota vumbi la juu na vumbi la chini, akarudi nalo kwenye mkebe wa chuma. Tangu hapo analitumia kwa kubana, kidogo kidogo, kama mgonjwa anayehesabu vidonge vya mwisho. Swali lake ni jepesi kulitamka: uhai unahitaji maji kiasi gani?

Alinieleza wiki yangu ya kwanza, nikiwa nimezama kwenye povu mpaka viwikoni. "Kasuku, viumbe vyote tunavyovijua, kuanzia tembo mpaka ule ukungu wa ukuta wa bafuni kwenu, ni mifuko ya maji."

"Bafuni kwetu hamna ukungu, Daktari."

"Upo. Kila bafu lina ukungu. Sasa, ndani ya mfuko mna nyuzi ndefu zilizobeba maagizo: jenga hiki, vunja kile, jigawe sasa. Toa maji, maagizo yanabaki, lakini hakuna wa kuyatekeleza. Chakula hakiingii, taka haitoki. Ni kama ofisi iliyokatiwa umeme."

"Ofisi ya namna hiyo nimeshawahi kupanga foleni."

Alicheka, akaendelea. Mirihi, ile sayari nyekundu, ni kavu na baridi kupita kiasi. Kama vumbi la bonde lile lina kiumbe hata kimoja kinachopumua, basi hata Mirihi tusifunge mlango. Kama halina, tutakuwa tumejua mpaka uko wapi. Lakini mtu yeyote aliyemtazama machoni alijua ni jibu gani kati ya hayo mawili analoliota.

Kupima kwenyewe ni kama kumnasa mtoto anayejifanya amelala: unamwekea kitu kitamu puani, unasubiri. Katika kila kichupa Daktari anatia vumbi kidogo na tone la maji ya sukari. Kichupa kinafungwa, kinaunganishwa na mashine aliyoiunda fundi wetu. Kama ndani mna kiumbe, kitakula sukari na kupumua, na mashine itainusa ile pumzi na kuchora mstari unaopanda. Hapo tunasema kichupa kimesema. Mstari ukilala, kimenyamaza.

Fundi mwenyewe tunamwita Fundi Kimya. Ni mtu mzima, mpole, anaongea kama anayelipia kila neno.

Halafu kuna shahidi. Shahidi ni kichupa cha tisa. Vumbi lake limeunguzwa tanurini siku mbili, kwa hiyo halina kitu hai hata kwa dawa. Yeye lazima anyamaze. Akisema, maana yake uchafu umeingia mahali, na kazi yote inamwagwa. Daktari hakumwamini mtu na shahidi. Alimwosha mwenyewe, akamchoma mwenyewe, akamjaza mwenyewe chumbani kwake, mlango umefungwa.

Jumatano ile tulianza kipimo kikubwa. Vichupa vinane, na shahidi wa tisa. Wageni walikuwa wanakuja Jumatatu saa nne asubuhi, watu wanaochagua vipimo vitakavyopandishwa kwenye chombo cha kwenda Mirihi. Daktari alikuwa amebakiwa na vumbi la kutosha kipimo hiki, na ziada ya kijiko kimoja cha chai.

Jumatatu saa mbili nilifika nikamkuta Daktari amevaa kiatu kimoja cheusi na kimoja cha kahawia. Kabla sijamtania alinikumbatia, mfuko wangu wa chakula ukabanwa katikati.

"Vimesema, Kasuku!"

"Nani?"

"Sita! Kuanzia cha kwanza mpaka cha sita. Shahidi kimya kabisa. Jana nilipita hapa kuangalia mara moja tu, nikakuta mistari imepanda kama ngazi. Nimempigia dada yangu nikashindwa kuongea, nikawa nalia tu, akadhani kuna msiba."

Mimi nikaruka juu. Nilifurahi kweli, jamani. Nilicheza pale katikati ya meza mpaka Fundi Kimya akasogeza mizani yake kando.

"Na cha saba na cha nane?" nikauliza.

"Hapo ndipo patamu! Hivyo vina vumbi la chini, mkono mzima chini ya ardhi. Vile sita vina vumbi la juu. Unaona? Umande! Usiku umande kidogo unagusa juu tu, hauzami. Hao viumbe wanaishi kwa umande!" Alikuwa anazungumza huku anatembea, na viatu vyake viwili vinatoa sauti mbili. "Haya, panga viti. Bango tulibandike pale."

Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta viti. Kiti cha kwanza, kiti cha pili. Nilipofika cha tatu mkono ukasimama wenyewe.

Sita.

Nikakumbuka Jumatano. Nilikuwa nimetoa vichupa tanurini, nimechomoa pamba, na pamba hiyo mpya ilikuwa imeacha nyuzi nyuzi kwenye midomo ya vichupa. Nyuzi kavu, nyeupe, zinakera. Nyumbani kioo cha taa kikiwa na vumbi unafanyaje? Unapuliza. Bibi yangu alipuliza, mama anapuliza, hata mimi nilijua kupuliza taa kabla sijajua kusoma. Basi nikakishika kichupa cha kwanza, fuu! Cha pili, fuu! Nilipomaliza cha sita simu ikalia. Mama, anataka kujua nimekiweka wapi kifuniko cha sufuria kubwa. Nikatoka koridoni tukabishana kuhusu kifuniko, na niliporudi Fundi Kimya alikuwa ameshaziondoa nyuzi kwenye viwili vilivyobaki.

Nikakaa kwenye kile kiti cha mgeni.

Akili ikaanza kunitetea kama wakili wa bure. Labda pumzi yangu haina kitu. Asubuhi ile nilipiga mswaki. Tena nilipuliza kwa mbali. Halafu nikamkumbuka Daktari huyohuyo, siku moja tunakunywa chai, akiniambia kwamba mdomo wa mtu mmoja una wakazi wengi kuliko miji yote unayoijua ukiijumlisha. Siku ile nilimjibu kwamba wangu wanapiga kelele zaidi. Tulicheka sana. Sasa sikuwa nacheka.

Nikaenda kwenye sinki nikafungua maji nisafishe bakuli ambayo ilikuwa safi. Nilipiga hesabu. Fundi hajui. Daktari hajui. Mama anajua habari za kifuniko tu. Nikinyamaza, saa nne Daktari atasimama mbele ya wageni akiwa na furaha aliyoingoja miaka kumi na moja, na mimi nitaendelea kuwa Kasuku wake. Nikisema, ile furaha naiua kwa mikono yangu yenye povu, na kazi naiaga leo hii, nirudi nyumbani kusuuza sufuria nusu.

Lakini upande wa pili nilikuwa naona chombo kikiruka miezi saba angani kufuata mate yangu. Nilikuwa namwona Daktari, si leo, baada ya mwaka mmoja hivi, mtu fulani mbali huko amerudia kipimo chake na kukuta kimya, anamwandikia barua ya adabu, na yeye anaisoma peke yake asijue alikosea wapi. Hiyo picha ndiyo iliyonifungia maji ya bomba.

"Daktari."

"Sema mama, lakini sema huku umeshika ncha hii ya bango."

Nikashika ncha. "Nilipuliza."

"Ulipuliza nini?"

"Vichupa."

Hakugeuka. Aliendelea kubandika, gundi inanata vidoleni mwake. "Vichupa vipi?"

"Vya Jumatano. Vilikuwa na nyuzi za pamba mdomoni. Nikavipuliza."

Fundi Kimya aliacha kukaza skrubu yake.

"Kabla ya tanuri," Daktari akasema taratibu, "au baada?"

Nilitamani sana kusema kabla. Neno lenyewe lilikuwa limeshakaa mdomoni. "Baada," nikasema.

Akaliachia bango. Upande wake ukaanguka, upande wangu nikabaki nao. Akachukua kichupa kitupu kwenye trei, akanipa. "Nionyeshe."

"Daktari, naomba..."

"Nionyeshe, Kasuku. Kama ulivyofanya."

Nikapuliza.

"Hivyo hivyo?"

"Kwa nguvu zaidi kidogo. Nyuzi zilikuwa zimeng'ang'ania."

"Vingapi?"

"Sita. Kisha simu ikalia, nikatoka."

"Cha saba na cha nane nilivitoa nyuzi mimi," Fundi Kimya akasema kutoka kwenye kona yake. "Kwa koleo." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Lililochomwa."

Daktari alikaa. Alikiangalia kiatu cheusi, akakiangalia cha kahawia, kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Kile chumba kilikuwa na mashine nne zinazovuma na sijawahi kusikia zikivuma kwa sauti kubwa vile. Machozi yalimtoka, mawili matatu, akayaacha yapite bila kuyafuta. Mimi nilikuwa bado nimeshika ncha ya bango.

"Umande," akasema mwishowe. "Nimeshaandika kurasa nne kuhusu umande."

"Daktari, nisamehe. Nitachukua vitu vyangu kabla wageni..."

"Simu alipiga nani?"

"Mama."

"Alitaka nini?"

"Kifuniko cha sufuria."

Akaanza kucheka. Kicheko kilianza kidogo, kikachanganyika na kilio, kikawa kitu ambacho sikujua nikiitikie vipi. "Mshukuru sana mama yako. Angechelewa dakika moja vyote vinane vingesema, na mimi ningekwenda mbele za watu kifua mbele." Akapangusa uso kwa kanzu yake ya kazi, akapaka gundi shavuni. "Na kosa hili si lako peke yako, usijitwike. Shahidi nilimlea kando kama kitindamimba. Yeye haoshwi na watu, haguswi na watu. Angepitia mikononi mwako kama wenzake, angesema palepale, tukajua. Nimefanya kazi hii tangu hujazaliwa, na nimefanya kosa la mwanafunzi."

"Kwa hiyo hunifukuzi?"

"Saa tatu kasoro, wageni saa nne, nikufukuze nani apange viti?" Akainuka. Alinishika mikono yote miwili, ikiwa imelowa vilevile, akasema, "Asante. Ungeweza kunyamaza." Kisha akaniachia, nami nikarudi kufuta viti.

Wageni walikuwa wawili: mzee mmoja mwenye sauti nzito na mhandisi, dada wa makamo aliyekuja na daftari lake. Daktari alisimama mbele yao na viatu vile vile, maana muda wa kubadili haukuwepo, akasema, "Jana niliamini nimepata uhai kwenye vumbi kavu kuliko yote ninayoyajua. Leo asubuhi nimegundua nimempata Kasuku." Akawaeleza yote, tanuri, pamba, kupuliza, kifuniko. Hakunificha wala hakunitupia. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe, masikio yanawaka moto.

Mzee aliangua kicheko. Mhandisi hakucheka. Aliandika, akainua kichwa. "Alipuliza mara moja tu kila kichupa?"

"Mara moja," nikasema kutoka mlangoni, kisha nikajuta kwa nini nimejibu bila kuulizwa.

"Na mashine ikaiona ndani ya siku nne?"

"Siku ya pili," Fundi Kimya akasema.

Mhandisi akafunga daftari. "Naomba niione hiyo mashine." Wakainamia ile mashine, yeye na Fundi Kimya, mpaka chai ikapoa, na kwa mara ya kwanza nikamsikia Fundi Kimya akitunga sentensi yenye "kwa sababu" ndani yake. Waliondoka bila kuahidi chochote. Baada ya wiki sita ilikuja barua: maswali kumi na mawili kuhusu mashine, hakuna hata moja kuhusu vumbi. Fundi bado anayajibu. Amefika la tano.

Na lile vumbi la mwisho, kijiko kimoja? Tulilipima wiki ileile. Safari hii mashahidi walikuwa watatu, na walipita kwenye mikono ya kila mtu, yangu, ya Fundi, ya Daktari, kama mtoto mchanga kwenye sherehe. Mimi nilivaa barakoa mpaka macho, na pamba tukabadilisha. Siku ya nne mistari yote imelala. Daktari hakuzima. Aliacha wiki moja, ya pili, ya tatu. Nilikuwa naingia kila asubuhi naomba kimoyomoyo, na namwona yeye pia midomo inamchezacheza. Mistari imelala.

Siku ya ishirini na moja alifungua kitabu chake kikubwa, akaandika tarehe, akaandika: "Hakuna." Akanipa kalamu. "Weka sahihi chini yangu."

"Mimi? Naosha vyombo, Daktari."

"Kwani nani kavihakikisha?"

Nikaweka. Nilitegemea kumwona ameanguka, lakini alikuwa ametulia kama mtu aliyefika nyumbani na kukuta siyo nyumba aliyoitaka, lakini ni yake na taa inawaka. "Sasa tunajua," akasema. "Kwa ukavu ule, hakuna. Atakayetafuta aanzie penye unyevu kidogo zaidi. Tumempunguzia mtu safari."

Nikadhani tumemaliza. Nikakusanya vile vichupa sita vya aibu nivipeleke kuchomwa. Akanizuia, akachukua kimoja, akadondosha tone lake kwenye kipande cha kioo, akakiweka chini ya darubini. "Njoo uwaone watu wako."

Nikaweka jicho. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Halafu ukungu ukaondoka, na hao hapo: vipunje vidogo, duara, vimeshikana kama shanga, vingine vimejitenga viwili viwili, vinatikisika ndani ya maji kama watu wanaosubiri mlango ufunguliwe.

"Hawa wametoka kwangu?"

"Mdomoni mwako. Sukari yangu wamekula yote."

"Tabia za nyumbani hizo."

Hakucheka. Alikuwa amesimama karibu sana, bega lake limegusa langu. "Bonde zima, Kasuku. Miaka kumi na moja, kijiko baada ya kijiko, hakuna hata mmoja. Na wewe umepumua mara moja tu. Sisi huku tumejaliwa, basi tu hatuhesabu."

Nilikuwa nafikiria mito yote, mabafu yote yenye ukungu, hata letu maana lina ukungu kweli, nilikwenda kuangalia. Nikafikiria mapafu yangu yanayovuta pumzi na kuitoa bila kuniomba ruhusa. Nikashukuru, na sikujua nimshukuru nani kwanza, kwa hiyo nikawashukuru wote kwa mpigo, nikianza na yule aliyekuwa amesimama begani kwangu.

"Daktari, huyu mmoja amebanwa katikati, kama anataka kukatika."

"Anajigawa. Usitoe jicho."

"Itachukua muda gani?"

"Nusu saa, labda zaidi."

"Na vyombo?"

"Vyombo vitasubiri," akasema, akanivutia kiti.